Jodari wa Mheshimiwa Waziri

"Umempa mgeni samaki wa kunuka, Akoia. Mbele ya maneaba nzima. Mimi nimekaa nyuma yako pale, harufu imenifikia mimi kabla haijafika serikalini."

"Ungeziba pua, wifi. Mikono miwili unayo, na leo hukuwa na kazi nayo."

"Niliziba. Ikaingilia masikioni."

Alasiri ilikuwa imeshuka hapa kisiwani Aonteuma, watu wameshatawanyika kutoka maneaba, banda letu la mikutano, na Nei Akoia na wifi yake Nei Teibi walikuwa wamekaa mkekani wakitazamana kama paka wawili juu ya paa moja. Katikati yao alikaa Ten Kamoriki, maana kwetu mwanamke ni Nei na mwanamume ni Ten, mume wa mmoja na kaka wa mwingine, akisokota kamba ya makumbi ya nazi juu ya paja lake. Mzee huyo hakuwa na haja na kamba. Tangu aoe amekuwa akikaa katikati ya wanawake hao wawili, na kamba aliyosokota ili asiulizwe maoni yake ingetosha kuufunga mwezi kwenye mnazi usizame.

"Na kuku wangu," Teibi akaendelea. "Kuku wangu wa mayai nimemchinja kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakugusa chakula, kwa hiyo hakuna aliyegusa chakula. Nimerudi naye kwenye sinia kama nilivyokwenda. Nimwambie nini kuku?"

"Mwambie amekufa kwa ajili ya taifa."

Kamoriki akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kucheka, lakini alikimaliza kama cha kifua.

Nei Akoia hajawahi kuwa mtu wa kuogopa. Alipokuwa kijana alikwenda kuokota chaza kwenye maji ya kiuno, papa akamjia, akamzaba kofi la uso. Wako wanaosema papa yule aliomba radhi, na wako wanaosema aligeuka tu akaenda zake. Lakini ni kweli kwamba mpaka leo papa wa upande ule wakiliona vazi lake la buluu huzunguka mbali. Mikeka yake huisuka bila kuitazama. Shimo lake la babai, magimbi ya kwetu, limechimbwa mpaka kwenye maji matamu, na mizizi ya babai humo hufikia unene wa paja la mchungaji. Shule hakwenda; siku aliyopelekwa, mwalimu alikuwa anaumwa, na siku mwalimu alipopona yeye alikuwa ameshaolewa.

Mtoto wa tumbo hakujaaliwa mapema. Basi dada yake, akiwa na mimba ya nne, akamwambia, "Huyu ni wako." Ndivyo tunavyofanya, na hakuna anayelia. Mtoto alipozaliwa akapelekwa nyumba ya pili angali na kitovu kibichi. Akoia akamwita Burentau. Akamlea kwa maziwa ya nazi na samaki aliyetafunwa, mpaka akawa mnene kama mtungi.

Burentau alikuwa na tabia moja. Akoia akipika babai na kuikanda kwa tui, akaifunika kwa jani na kwenda kisimani, akirudi anakuta jani lipo, babai haipo. Mtoto amekaa pembeni, tui limemganda kidevuni.

"Nani kala?"

"Kaa, mama. Kaa mkubwa. Alikuja na mke wake."

Akoia alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Akamsimulia Kamoriki, wakacheka wote. Kesho yake kaa akarudi. Mwaka mzima kaa huyo na mkewe walikula katika nyumba ile kuliko wenye nyumba.

"Wewe ndiwe uliyemlea hivyo," Teibi alikuwa akisema sasa, kidole juu. "Samaki mkunje angali mbichi. Wewe ulikuwa unacheka."

"Nilicheka," Akoia akasema. "Hilo ni langu. Umenisikia nikimsingizia mtu? Nilicheka, nimelibeba, hili hapa mgongoni. La petroli ni lake. Simbebei."

Hapo Teibi alikishusha kidole, maana hakutegemea mtu akubali jambo haraka hivyo. Katika ukoo wao hakikubaliwi kitu kabla ya chai ya pili.

La petroli lilianza zamani. Burentau alisoma, akaenda mji mkuu, akarudi siku moja na shati jeupe lililonyooka kiasi kwamba nzi walitua juu yake wakateleza. Alikuwa anaomba kura. Akasimama kwenye maneaba akasema aibu kubwa wanaume wa leo kupiga makasia kama babu zao. Akichaguliwa yeye, kila ukoo utapata mashine ya boti. Akachaguliwa. Mashine zikaja kweli, nyekundu, zinang'aa, na kila moja ina picha yake imebandikwa. Mitumbwi ikavutwa ikawekwa chini ya vibanda. Mchwa wakaila. Kuku wakataga ndani. Mtu aliyejua kuchonga mtumbwi alikufa, na hakuna aliyemuuliza kitu kabla hajafa.

Kisha Burentau akafanywa waziri wa nishati. Hapa kijijini walichinjwa nguruwe. Redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa ametia sahihi kibali: kuanzia sasa mafuta ya nchi nzima yataletwa na mfanyabiashara mmoja tu, ili mambo yawe rahisi. Tena akaondoa ile bei ya serikali iliyokuwa imefungwa isipande. Mfanyabiashara yule ni kaka wa mke wake, lakini hilo redio haikulisema; lilisemwa na wanawake kisimani, ambao habari zao huwahi kufika na haziishiwi betri.

Mambo yakawa rahisi kwa mtu mmoja. Petroli ikapanda, ikapumzika, ikapanda tena. Mwenye duka akaacha kuuza kwa dumu, akauza kwa chupa ya mchuzi wa soya. Wanaume wakawa wanakaa ufukweni wakizitazama mashine zao kama watu wanaotazama ng'ombe wa jirani. Kuna aliyefunga mashine yake kwenye nguzo ya nyumba akawa anaivuta kamba kila asubuhi, isinyamaze ikasahau kazi. Nje ya mwamba jodari wakazeeka kwa kukosa wa kuwavua. Wengine, inasemekana, walikuja mpaka kwenye mlango wa bahari kuuliza kulikoni.

Jambo moja tu lilibaki zuri, friza ya kina mama. Waliinunua kwa kuuza mikeka, wakaiweka kwenye kibanda nyuma ya maneaba, ikawa inaendeshwa na jenereta ndogo. Na katika friza hiyo kulikuwa na samaki wa Nei Bwena.

Nei Bwena ni mjukuu wa Akoia, anatimiza mwaka Jumamosi. Mtoto akitimiza mwaka hapa kwetu, hiyo si sherehe ya mtu na jirani yake. Ni kisiwa kizima kinakuja kutazama kama ukoo una kitu. Atakayekula akashiba atakusifu mpaka uzeeni. Atakayekula akabakiza njaa, mtoto ataolewa nayo hiyo njaa. Kwa hiyo Bakoa, baba wa mtoto na mwana wa tumbo ambaye Akoia alimpata baadaye, alikusanya petroli ya ndugu zake wote, kikombe hapa, chupa pale, wakatoka nje ya mwamba mara moja tu, wakarudi na majodari. Mkubwa wao alikuwa kama mlango wa kanisa, na alipotiwa ndani ya friza ilibidi friza ivute pumzi.

Likabaki dumu moja la petroli, jekundu, la kuendeshea jenereta mpaka Jumamosi. Akoia alilala nalo kichwani kama mto.

Hapo ndipo akaja Raurenti, mtu wa waziri. Amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akakaa mkekani, akatoa tumbaku akaiweka mbele ya wazee kama inavyopasa, akauliza hali ya magoti ya kila mtu. Kisha akasema taratibu:

"Mama, mwanao anakuja kuzungumza na watu. Kipaza sauti kinataka umeme, gari la halmashauri linataka petroli. Mwanao anakububuti lile dumu."

Bubuti si ombi la mtu na rafiki yake. Ndugu akikuketia mkekani akalitaja shati lako, shati limeondoka. Ukikataa, shati linabaki na jina lako ndilo linaloondoka. Watu wetu wametoa mitumbwi hivyo, na mashamba, na kuna mmoja alitoa meno yake ya bandia akaomba tu arudishiwe siku za nyama. Bubuti iliwekwa ili asiye nacho asilale njaa jirani na mwenye nacho. Haikuwekwa kwa ajili ya watu wenye gari.

Kinywa cha Akoia kilikuwa na ladha kama ameng'ata nyongo ya samaki. Akaenda, akaleta dumu, akalitua mbele yake.

"Mwambie mwanangu, dumu hili ni la samaki wa Bwena."

"Nitamwambia, mama."

Hakumwambia. Au alimwambia. Kwa samaki ilikuwa ni mamoja: friza ikazima, na siku zikapita.

Leo asubuhi Mheshimiwa akawasili. Maneaba ilijaa, kila ukoo mahali pake, wazee mbele, wanawake nyuma. Yeye akakalishwa mahali pa mgeni, nguzo ya mashariki, mikeka mitatu chini yake. Jenereta ya kina mama ilikuwa imebebwa kutoka kwenye friza na kuwekwa nje ya maneaba, inanguruma kwa petroli ya Bwena, na sauti ya Burentau inatoka kwenye masanduku mawili makubwa kama sauti ya malaika mwenye mafua.

"Ndugu zangu, bei ya mafuta haipangwi na mtu," akasema. "Kuna vita mbali huko. Kuna meli, zinazunguka njia ndefu. Kuna serikali iliyopita, walituachia matatizo. Kuna dola. Kuna hali ya hewa."

Alitaja kila kitu kati ya jua na sakafu ya bahari. Mtu asiyejua angedhani nchi nzima imejaa watu wanaopandisha petroli, isipokuwa mwanamume mmoja tu asiye na hatia, na kwa bahati huyo huyo ndiye aliyekaa pale mbele.

Upepo ukageuka. Ukatoka upande wa kibanda cha friza.

Harufu ile haikuja kama harufu. Ilikuja kama jamaa mnene aliyechelewa, inasukuma watu, inatafuta pa kukaa. Mbwa wakatoka. Nguruwe wa mchungaji, ambaye amelala katika matope tangu azaliwe, alisimama akaenda kuoga baharini. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepoteza pua yake kwa homa akiwa kijana, hajanusa kitu tangu hapo, akainua kichwa, machozi yakamtoka, akasema, "Nimepona." Mheshimiwa akaendelea kuzungumza juu ya mpango wa nishati wa taifa, leso puani.

Chakula kikaletwa. Na mgeni hula kwanza. Mpaka mkono wake uguse chakula, hakuna taya litakalosogea. Kuku wa Teibi akapita, babai ikapita, wali ukapita. Kisha Nei Akoia akainuka nyuma kabisa, akajitwika kapu la makuti, akapita katikati ya wazee. Wazee walimpisha. Hata wafu wangempisha. Akalitua kapu mbele ya magoti ya mwanawe, akafunua jani.

Jodari yule mkubwa alikuwa amebadilika rangi kuwa kitu ambacho hakina rangi. Jicho lake lilikuwa limelegea. Tumboni mwake kulikuwa na mkutano mwingine, wenye wajumbe wengi kuliko ule wa juu, na wote walikuwa weupe na wote walikuwa wanakula.

Burentau alimtazama samaki. Akamtazama mama yake. Kipaza sauti kilikuwa bado kiko wazi karibu na mdomo wake, kwa hiyo kisiwa kizima kilisikia.

"Mama, samaki huyu ameoza."

"Ameoza, mwanangu."

"Nani kamwozesha?"

"Samaki haozeshwi na mtu," Akoia akasema. "Kuna vita mbali huko. Kuna meli, zinazunguka. Kuna serikali iliyopita. Kula, watu wana njaa."

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapanda paa, kikashuka kwa wazee. Lakini Akoia hakucheka. Alikaa chini, akakunja miguu, akaweka viganja juu ya magoti kama mtu anayeomba.

"Sasa nakububuti mimi," akasema. "Sitaki hela. Sitaki samaki mwingine. Nakuomba jina. Nani alitia sahihi kile kibali, akaifungua ile bei, akatuma watu kuchukua dumu la mjukuu wangu? Jina moja tu. Ukiwa nalo, nipe."

Na hapo, kama kwamba imengoja zamu yake, jenereta ikakohoa mara mbili ikafa. Petroli ya Bwena ilikuwa imekwisha. Burentau akasema kitu, na bila kipaza sauti sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya zamani. Waliokuwa karibu wanasema alisema, "Nitakujibu, mama." Akainuka akaenda nyumba ya wageni bila kugusa chakula, na kuku wa Teibi akarudi nyumbani.

"Hatakuja," Teibi alikuwa akisema sasa. "Waziri mzima akaketi kwenye mkeka wako kusema 'ni mimi'? Mtu akisema hivyo huko kwao ananyang'anywa gari."

Kamoriki akaiweka kamba chini, jambo ambalo hufanyika kwenye misiba tu.

"Bubuti hujibiwa kwenye mkeka wa mwombaji," akasema. "Akija mwenyewe, ametoa. Akimtuma yule wa miwani na katoni ya nyama ya kopo, amekataa. Na akikataa, Akoia, huyu si mtoto wetu tena. Hilo ulilijua ulipofungua mdomo?"

"Nililijua."

"Na bado ukaufungua."

"Nilikuwa na samaki mkononi, Kamoriki. Mtu akishika samaki kama yule lazima afungue mdomo, puani hapapitiki."

Lakini Akoia alikuwa anachomoa nyuzi kwenye ukingo wa mkeka, mkeka wake mwenyewe, wa kazi ya mwaka.

Juu ya mnazi ulio karibu na nyumba alikuwako Bakoa, akigema tembo lake la jioni. Mgema huimba akiwa juu, ili wanawake wanaooga wajue yuko. Leo Bakoa hakuimba. Mnazi ule unaiona nyumba ya wageni.

"Bakoa," Teibi akaita. "Mwanangu, unaona nini?"

"Gari limewashwa, shangazi."

Akoia akaacha kuchomoa nyuzi.

"Linakwenda wapi?"

"Linakwenda uwanja wa ndege." Makuti yakachakacha. "Limezimika. Raurenti ameshuka. Anasukuma."

"Hata kukimbia hana petroli," Teibi akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile wifi wawili walikuwa upande mmoja.

"Mheshimiwa naye ameshuka," Bakoa akasema toka juu. "Hasukumi. Amesimama tu. Sasa anavua viatu."

Akoia akainua uso kuelekea mnazini.

"Amefungua nyuma ya gari. Ametoa kitu."

"Katoni?" Kamoriki akauliza.

"Si katoni, baba. Ni kitu chekundu. Kina mpini." Bakoa akateremka kidogo, akapanda tena. "Ni dumu letu. Amempita Raurenti. Anakuja huku, peke yake."

Teibi akaruka kama msichana. Akanyoosha mkeka, akaimwaga nje chai iliyopoa, akasawazisha kokoto za mlangoni kwa mguu. "Nilisema, sikusema? Damu haiwi maji. Analeta petroli. Jenereta itawaka, Bakoa ataingia baharini kesho, Bwena atakula Jumamosi. Akoia, jipanguse uso, una uso wa jodari."

Akoia hakujipangusa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, na Kamoriki anasikiliza, maana wazee hawa wamebeba madumu maisha yao yote. Dumu lililojaa halisemi. Humvuta mtu bega, humfanya atembee kama kaa, na huwezi kulisikia mpaka linapotua. Hili lilikuwa linakuja njiani linagonga goti la mchukuzi wake, na kila likigonga linaitika, ton, ton, kama ngoma ya shule ya Jumapili.

"Tupu," Kamoriki akasema polepole.

"Haliwezi kuwa tupu," Teibi akasema. "Mkono mtupu haulambwi, hilo hata mtoto analijua. Nani anakuja kwa mama yake na—"

"Amekuja mwenyewe, wifi."

"Na dumu tupu."

"Amekuja mwenyewe. La kwanza lilikuwa hilo." Akoia akajiweka sawa, viganja juu ya magoti, uso umekakamaa, na sauti yake ilikuwa na uchungu ule ule wa nyongo. "Aseme tu. Asitaje meli. Akinitajia meli ndani ya nyumba hii, au vita, au yule kaa na mkewe, naapa, Teibi, nitamwamuru amle yule samaki, funza na wote, na nitakaa hapa nimtazame mpaka—"

Kokoto zikalia. Burentau akainama chini ya ukingo wa paa, miguu mitupu, shati limetota jasho, akaketi pale pale alipokuwa akiketi utotoni akisubiri kuulizwa. Akalitua dumu mbele ya magoti ya mama yake. "Ni mimi, mama," akasema. Upepo ulikuwa bado unatoka upande wa kibanda. Ulilisukuma dumu kidogo, likalala ubavu, na kizibo hakikuwako, na hapakumwagika kitu.